Daftari la Magara

Baba yangu ana mfuko mmoja wa nailoni ambao hakuna mtu nyumbani kwetu anayeruhusiwa kuugusa bila yeye kuwepo. Unaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda chake hapa Nyarugusu, mbali na mchwa, mbali na panya, mbali na wajukuu. Ndani yake kuna karatasi tano. Moja ni nakala ya cheti chake cha ubatizo. Ya pili ni kadi ya zamani ya Ulyankulu. Ya tatu ni fomu ya kurudi Burundi ya mwaka 2008. Ya nne ni makubaliano ya shamba, yenye dole gumba la baba na la mtu mwingine. Ya tano ni kadi yetu ya posho ya hapa kambini.

Hizo karatasi tano hazikubaliani. Kwenye moja baba alizaliwa 1949, kwenye nyingine 1950, na ile ya Ulyankulu inasema 1952. Jina lake limeandikwa kwa namna tatu, maana kila aliyelisikia aliliandika kwa sikio lake. Najua msomaji wa hapa kambini ukisoma hivyo unacheka, kwa sababu na wewe zako ziko hivyo hivyo.

Mwaka jana tuliitwa kwenye ofisi moja kwa mambo ya usajili. Kijana aliyekuwa kwenye kompyuta, mtu mpole tu, alimuuliza baba anatoka wapi. Baba akasema, "Magara." Kijana akauliza mkoa gani. Baba akafikiri. Alipozaliwa, pale paliitwa Urundi na mji mkubwa uliitwa Usumbura. Tuliporudi kutoka Tanzania, Magara ilikuwa komini ya Bugarama, mkoa wa Bujumbura Rural. Mwaka 2015, mwaka ule ule tuliokimbia tena, ukazaliwa mkoa wa Rumonge na Bugarama ikaingizwa humo. Halafu 2025 mikoa ya Burundi ikapunguzwa kutoka 18 hadi 5, na mkoa wa Rumonge ukafutwa, umri wake haujafika hata miaka kumi na mmoja.

Kijana akageuza kompyuta kidogo ili mzee aone orodha. "Mzee, chagua mmoja hapa."

Baba akasema, "Mwanangu, mimi sijachagua. Magara haijahama. Iko pale pale kati ya mlima na ziwa. Andika Magara."

Kompyuta haikuwa na nafasi ya kuandika Magara tu. Siku hiyo jioni nilitoa daftari la wanangu la shule, lile la kurasa 96, nikachana kurasa zilizotumika, nikaandika juu: MAGARA. Nikamwambia baba, "Basi tutaandika sisi."

Akasema hapana.

*

Kwa wasiopajua: ukitoka Bujumbura kwa barabara ya kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, ziwa Tanganyika liko mkono wa kulia na milima iko mkono wa kushoto, imekaribia mno kama inataka kusukuma barabara majini. Unapita Mugere, penye lile jiwe kubwa linalokumbusha kwamba Stanley na Livingstone walilala pale Novemba 1871. Unaendelea kusini, unaona michikichi, mihogo, wanawake wanaanika ndagala mchangani, na hapo ndipo Magara. Ni mahali padogo. Mtu wa lori anaweza kupapita huku anawasha sigara.

Mimi sikuzaliwa pale. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora, mwaka 1980, mahali ambapo hakuna ziwa kabisa, kuna miti na tumbaku. Lakini nilikuwa naijua Magara kabla sijaiona. Baba alikuwa anakata kipande cha ugali anakiweka sahanini anasema, "Huu ni mlima." Mchuzi ulikuwa ziwa. Akiona migebuka sokoni alikuwa anabishana na wauzaji kwamba huyo samaki anaitwa mukeke, na kwamba wa kwao ana mafuta zaidi. Wenzetu waliokulia katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wanajua ninachosema. Tulilelewa na ramani za mdomo.

Baba aliondoka Magara mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili mwaka huo uasi ulizuka kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, watu wengi wakauawa. Kisha serikali ikajibu, na jibu lake halikuishia kwa waasi. Lilienda nchi nzima kwa miezi, likachukua walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara, yeyote aliyeonekana amesoma kidogo. Wanaoandika historia wanataja kati ya watu 100,000 na 300,000. Warundi tunaita wakati ule Ikiza.

Ndiyo maana baba alikataa daftari. Nilidhani ni uchovu wa uzee. Nilipombana, akaniambia hivi: "Wewe unafikiri karatasi ni kitu kizuri kwa sababu unaitafuta. Mimi niliona karatasi ikitafuta watu. Mtu anafika na orodha, anasoma majina. Uliyetajwa unapanda gari. Hukuwa na kosa, ulikuwa na jina tu, na jina lilikuwa limeandikwa. Leo unataka nikukalishe hapa nikutajie nyumba kwa nyumba nani alikaa wapi? Ukishaandika, daftari likiangukia mkono mwingine?"

Sikuwa na jibu. Nilifunga daftari. Lilikaa miezi miwili chini ya godoro, halina kitu ila hilo neno moja la juu.

*

Kilichonifungua kichwa kidogo ni mazungumzo na dada mmoja mfanyakazi wa shirika, Mmarekani mweusi, aliyekuwa akija kwenye darasa letu la akina mama. Siku moja mvua ilitufungia darasani, tukaanza kuulizana kwetu. Akasema anatoka mji mdogo wa kusini mwa Marekani, mdogo hivi kwamba watu wa mji wa jirani hawaujui. Nikamwambia basi tuko sawa.

Akanieleza namna alivyowatafuta mababu zake. Kule kwao watu huhesabiwa kila miaka kumi. Katika hesabu ya 1850 na ya 1860, watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao: mwanamume miaka 30, mwanamke miaka 22, mtoto miaka 4. Majina karibu hakuna. Utumwa ukaisha 1865. Ikaja hesabu ya 1870, na humo kwa mara ya kwanza watu wale waliokuwa watumwa wakaandikwa kwa majina yao, kama watu wengine. Akasema, "Familia nyingi zetu zikitafuta nyuma, zinafika 1870 zinagonga ukuta." Tena sehemu nyingi majumba ya mahakama yaliungua, mengine vitani, na hati za mashamba na za ndoa zikaungua humo. Waliobahatika walikuta jina kwenye kitabu cha kanisa, au kwenye hati ya kipande cha ardhi, au nyuma ya Biblia ya bibi yao.

Nilimuuliza, "Hiyo orodha ya watumwa, unaichukia?"

Akafikiri kidogo akasema anaichukia na bado anaitumia. Aliyeiandika hakuiandika kwa ajili yake. Lakini huyo mtoto wa miaka 4 asiye na jina, yeye anaamini ndiye babu yake, kwa sababu miaka kumi baadaye, mahali pale pale, yuko kijana wa miaka 14 mwenye jina.

Nilirudi nyumbani nikimfikiria bibi yangu.

*

Bibi, mama yake baba, hakukimbia 1972. Alisema ana mihogo shambani na ana mbuzi, na yeye ni mwanamke mzee, nani atamtaka. Baba alipanda mtumbwi usiku pamoja na kaka yake. Hawakumwona tena. Alifariki miaka ya themanini, habari zikatufikia Ulyankulu kwa mdomo, zimechelewa kama mwaka mzima.

Tuliporudi 2008, nilitaka kujua bibi alikuwa nani kwenye maandishi. Hakuwa popote. Kwenye ofisi tulizokwenda kulikuwa na majina ya wanaume wenye nyumba. Kodi ya kichwa ya wakati wa Wabelgiji ilikuwa ya wanaume, stakabadhi zao, vitabu vyao. Mwanamke alikuwa anaonekana kama idadi tu. Na nyaraka nyingi za utawala wa Ubelgiji zenyewe haziko Burundi. Zilipelekwa Brussels karibu na uhuru, na ziko huko kwenye hifadhi ya taifa ya Ubelgiji. Mtu wa Magara anayetaka kusoma habari za Magara ya 1950 anatakiwa apate visa.

Mwaka 2009 mtu mmoja akatushauri twende parokiani, kwenye daftari la ubatizo. Mapadri wale wa kwanza, Wamisionari wa Afrika ambao watu wengi tunawaita White Fathers, walikuwa na desturi ya kuandika kila kitu. Walifika Rumonge mwaka 1879, wakafungua misheni ya kwanza katika nchi ambayo leo ni Burundi. Tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa pale pale, Deniaud, Augier na d'Hoop, na misheni ikafungwa. Tunayajua majina hayo na siku hiyo kwa sababu kila kituo chao kilitakiwa kuandika shajara ya kila siku, na shajara hizo zilitunzwa hadi leo. Anayeshika kalamu ndiye anayeamua nani atakuwa na jina. Lakini tukubali pia kwamba desturi hiyo hiyo ya kuandika ndiyo iliyotusaidia sisi.

Mtunza ofisi alitoa daftari kubwa, jalada limeliwa pembeni, karatasi za rangi ya chai. Maandishi ya mkono, maneno mengine ya Kilatini. Alipitisha kidole polepole. Mwaka 1950. Namba, tarehe, jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, jina la msimamizi. Akasimamisha kidole. Baba, ambaye hajui kusoma vizuri, alijua kabla hatujamwambia. Akainama.

Mstari mmoja. Jina la bibi limeandikwa vibaya, herufi moja imeruka. Lakini lilikuwa la kwake. Mwanamke aliyelima, aliyezaa sita, aliyezika watatu, aliyekaa peke yake na mbuzi wake miaka ya hatari, katika karatasi zote nilizopata kuziona duniani yuko mahali pamoja tu: kwenye mstari wa ubatizo wa mwanawe. Baba aligusa ile karatasi kwa nyuma ya mkono, si kwa vidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Tulipewa nakala yenye muhuri. Ndiyo ile karatasi ya kwanza ya mfuko.

*

Nakala ile haikuwa ya machozi tu, ilikuwa na kazi. Shamba letu lilikuwa na mtu.

Hili ni jambo la mwambao wote wa Rumonge, si letu peke yetu. Watu walipokimbia 1972, ardhi yao ilichukuliwa, nyingine na majirani, nyingine ikagawiwa na serikali kwa watu walioletwa, nyingine ikaingia kwenye miradi ya michikichi. Sheria ya ardhi ya 1986 ikasema mtu akikaa kwenye ardhi miaka 30 bila kudaiwa, ni yake. Sasa hesabu mwenyewe: 1972 kuongeza 30. Sisi tumerudi 2008. Mwaka 2006 iliundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine kushughulikia migogoro hiyo, na 2014 ikaundwa mahakama maalum. Maelfu ya familia zilipita huko na mafaili yao chini ya kwapa.

Mtu aliyekuwa kwenye shamba letu hakuwa mwizi. Nataka niseme hivyo wazi, kwa sababu kambini tunapenda hadithi zenye mwizi. Alipewa eneo lile miaka ya sabini, naye alikuwa na karatasi yake yenye muhuri mzuri kuliko wetu. Alikuwa amepanda michikichi, amezaa, amezika watoto wawili pale. Karatasi zake zilisema kweli. Zetu nazo zilisema kweli. Shamba lilikuwa moja.

Wazee wa kilima walikaa nasi mara nne. Kilichoamua, mwishoni, hakikuwa muhuri. Baba aliulizwa, "Kabla ya 1972, mpaka wa juu ulikuwa nini?" Akajibu: jiwe lenye ufa, kijito kinachokauka Julai, na mwembe wa upande wa ziwa uliopandwa na mama yake. Wakainuka wote, na yule bwana pia, wakaenda kutazama. Jiwe lilikuwepo. Kijito kilikuwepo. Na mwembe yule bwana mwenyewe akasema, "Huu niliukuta." Hapo akanyamaza, na baba akanyamaza. Wakagawana nusu kwa nusu. Hiyo ndiyo karatasi ya nne, yenye dole gumba mbili. Tuliishi jirani na wale watu miaka sita, na mke wake ndiye aliyenipokea mtoto wangu wa tatu usiku wa mvua.

Halafu Aprili 2015 mambo ya nchi yakaharibika. Tukashuka tena ziwani. Wengi wenu mlikuwa Kagunga, sina haja ya kueleza ule ufuko mwembamba, mlima nyuma, maelfu ya watu mbele, kipindupindu katikati. Tukangoja MV Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani kabla ya vita ya kwanza ya dunia, itupeleke Kigoma. Kufika melini ulikuwa unapanda mtumbwi kwanza. Baba aliingia majini hadi kifuani, mfuko wa karatasi kichwani, mkono mmoja unaushika. Mkono wa pili alikuwa amemshika mjukuu. Nilicheka na kulia pamoja, kwa sababu nilijiuliza, akilazimika kuachia mmoja, ataachia upi? Alifika na vyote viwili. Karatasi ya makubaliano ililowa pembeni, wino ukatapakaa, lakini vidole vinaonekana.

*

Kwa hiyo nilirudi kwa baba na hoja mpya. Nilimwambia, "Orodha uliyoiona 1972 iliandikwa na wengine kuhusu ninyi. Hii utaiandika wewe. Na wewe ndiye utasema kipi kisiandikwe."

Alikaa siku mbili. Siku ya tatu, baada ya uji, akasema, "Leta kalamu."

Tuliweka sheria kwanza. Nazitoa hapa kwa sababu kuna watu wa vijiji vingine hapa kambini wameniuliza, nao wanataka kuanza ya kwao.

Ya kwanza: waliokufa kabla ya 1972 wanaandikwa kwa majina yao yote. Waliokufa katika Ikiza wanaandikwa ikiwa mtoto wao au ndugu yao amekubali.

Ya pili: walio hai hawaandikwi majina. Tunaandika "mtoto wa pili wa fulani".

Ya tatu: hatuandiki kabila la mtu, wala chama chake, wala nani alimfanya nini nani. Baba alisema hayo yana watu wake wa kuyaandika. Ni kweli. Iko tume ya ukweli na maridhiano, na mwaka 2020 ilifukua makaburi ya pamoja huko Karusi na kuhesabu mabaki ya watu 6,032, baadhi wakitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Sisi daftari letu ni la walivyoishi.

Ya nne: kila habari ina jina la aliyeisema na tarehe aliyoisema, ili mtu akibisha ajue anabishana na nani. Wazee wawili wakitofautiana, tunaandika yote mawili.

Ya tano: wanawake wanaandikwa. Hii niliiweka mimi. Mwanzoni baba alikuwa anataja, "Hapa palikuwa kwa fulani, hapa kwa fulani," wote wanaume. Nikamsimamisha: "Nani alikuwa anapika humo?" Akacheka. Lakini akakumbuka. Na wanawake walipoingia, habari zikafunguka, maana baba alikuwa amesahau waume wengi lakini hajasahau nani alikuwa anatengeneza mawese mazuri, nani alikuwa mkunga, nani alikuwa anaimba msibani.

Ya sita: daftari linafungwa kwa plastiki mbili, na kila ukurasa unapigwa picha kwa simu, unatumwa kwa watu watatu walio nchi tofauti. Mmoja ni baba mdogo, yule aliyevuka na baba 1972. Yeye hakurudi 2008. Alibaki Ulyankulu, na alikuwa mmoja wa wakimbizi wa 1972 kama 162,000 waliopewa uraia wa Tanzania, habari ambayo ilikamilika mwaka 2014. Yeye ni Mtanzania, kaka yake ni mkimbizi, mama yao ni mmoja.

Mpaka sasa tuna kurasa 41. Tuna nyumba 63, vijito vitatu, majina ya mawe manne ambayo watoto walikuwa wanayapanda, mahali pa kuvutia mitumbwi, bei ya mukeke kwa hesabu ya baba kabla ya uhuru, na ugomvi mmoja mkubwa wa mbuzi.

*

Neno moja kwa ndugu zetu wa mashirika, maana najua mnasoma jarida hili.

Mnaandika kuhusu sisi kila siku. Mmeandika tulifika na wangapi, tumekula kilo ngapi, nani ana mimba, nani ana kilema. Wazee wetu wa Mishamo walihojiwa miaka ya themanini na mwanaanthropolojia Liisa Malkki, kitabu chake kikatoka 1995, kwa Kiingereza. Wengi wao hawakukisoma. Sisemi mnakosea kuandika. Nasema karatasi hizo, siku moja, zitakuwa historia pekee ya watoto waliozaliwa hapa. Kambi ikifungwa, nyumba za udongo zinarudi udongo. Mwanangu wa nne alizaliwa Nyarugusu. Akiwa na miaka 40 akaulizwa "ulizaliwa wapi, una kithibitisho gani?", jibu liko kwenye kabati la nani?

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kabla hamjachoma au kufuta, ulizeni kama kuna nakala ambayo mwenyewe anaweza kupewa. Na mnapotunza, tunzeni kama watu wanaojua orodha inaweza kufanya nini. Baba yangu yuko hai kwa sababu jina lake halikuwa kwenye karatasi moja, na ana nusu ya shamba kwa sababu lilikuwa kwenye karatasi nyingine.

*

Mwezi uliopita jamaa alitupigia simu kutoka kule. Ziwa limepanda miaka hii, limekula nyumba za ufukweni na sehemu za barabara. Akasema mwembe wa bibi sasa umesimama majini, hauna majani, wavuvi wanafungia mitumbwi yao hapo.

Baba hakusema kitu mpaka jioni. Kisha akaniambia nifungue daftari ukurasa wa shamba letu, niandike: "Mwembe, upande wa ziwa, ulipandwa na," na akataja jina la mama yake, herufi zote, ile iliyorukwa parokiani nayo ikiwemo.

Nikaandika. Akasema, "Chini yake andika watoto wangu." Akawataja kaka zangu wawili, akanitaja na mimi.

Nikaweka kalamu chini. Wote hapa mnajua: kwetu hakuna sheria ya urithi inayompa binti shamba, kuna desturi, na desturi inampa kaka. Nikamwambia, "Baba, na sheria ya pili? Walio hai hawaandikwi."

"Andika," akasema. "Hii si ya serikali. Hii ni ya kwangu." Akaomba wino, akaweka dole gumba.

Sikutaka kaka zangu waisome habari hii kwanza humu. Jumapili niliwaita, nikawaonyesha ukurasa. Mdogo alisema sawa. Mkubwa hakusema kitu. Alisoma ukurasa wote, akarudi nyuma akasoma na mwingine, na mwingine. Mwishoni akauliza kalamu iko wapi. Nikaogopa. Akasema kijito cha juu tumekiandika jina vibaya, yeye alikuwa anachota maji pale kila siku miaka saba ile, na jina lake ni jingine.

Akaandika lake pembeni. Hatukufuta la baba. Yote mawili yapo.